Asali iliyonyang'anywa chumbani, ikanywewa ukumbini

Jumamosi, saa moja asubuhi, mjini Itigi. Eliana Alute anakamua masega juu ya kitambaa cheupe kilichofungwa mdomoni mwa ndoo, na anayakamua kwa hasira. Mama yake, Dorkas, aliyetoka vichakani kurina asali na nguo zake bado zinanuka moshi, anaiangalia ile mikono.

"Taratibu, mama. Hilo ni sega, si shingo ya yule msimamizi wa hosteli yenu."

Eliana hacheki.

Ana miaka 22, yuko mwaka wa tatu wa shahada ya biashara katika chuo kimoja mjini Singida. Kila baada ya wiki mbili hupanda basi Ijumaa kuja nyumbani, huchuja asali ya mizinga ya mama yake, na Jumapili hurudi chuoni na ndoo ya lita ishirini. Mkopo wake unalipa ada tu. Chakula, madaftari, sabuni na nauli vinatoka kwenye chupa za nusu lita, shilingi 7,000 kila moja. Amejilisha hivyo tangu mwaka wa kwanza, bila kumpigia mtu simu ya kuomba.

Sasa ana barua ya chuo kwenye begi. Asipoisaini kufikia Jumatatu saa nne asubuhi, anatolewa hosteli, wiki tano kabla ya mitihani ya mwisho. Akiisaini, anakiri kuwa amefanya "biashara haramu" chumbani na anaahidi kutouza kitu chochote mpaka amalize chuo.

"Nisiuze, halafu nile nini? Notsi?" anauliza.

Kuuza kwenyewe hakujifunza darasani. Muhula wa kwanza alimhimiza mama yake arine haraka kwa sababu wateja walikuwa wanasubiri. Dorkas alimkatalia: masega yalikuwa bado hayajafunikwa na nta, asali haijaiva. Mtoto akang'ang'ania, mama akachoka kubishana. Wiki ya tatu asali ikachacha ndani ya chupa. Vifuniko vikaruka, povu likamwagikia madaftari ya Witness, anayelala naye chumba kimoja.

"Nilimwambia nyuki hawajui habari za mteja," anasema Dorkas. "Msomi wangu akaniona mshamba."

Chupa 32 zilikuwa zimeshauzwa. Eliana alipita chumba kwa chumba kuzikusanya, na kila aliyenunua akampa nyingine nzuri baada ya mwezi mmoja. Mwezi huo alikula mlo mmoja kwa siku.

"Walinicheka sana. 'Dada asali, leo umetuletea pombe?' Lakini wale wale walionicheka ndio wananunua mpaka leo. Kwenye somo la ujasiriamali tulikariri sifa kumi za mjasiriamali. Nikapata 81. Kumrudia mtu uliyemuuzia kitu kibovu, ukamwangalia usoni, hiyo haikuwemo kwenye zile kumi."

Tangu hapo hauzi chupa kabla mnunuzi hajaonja, na kila chupa anaibandikia karatasi yenye tarehe ya kurina na namba yake ya simu.

Jumanne wiki hii Raymond, msimamizi wa hosteli ambaye wanafunzi humwita 'wadeni', aliingia chumbani na walinzi wawili. Wakabeba chupa 22. Eliana hakatai kwamba sheria ya kukataza biashara vyumbani ipo. "Wangeniambia nitoe mzigo nje, ningetoa siku ile ile. Hakuna aliyeniambia. Walikuja kubeba."

Alhamisi chuo kikafanya siku ya ujasiriamali kwa wanafunzi. Kulikuwa na bango, muziki na mgeni rasmi. Eliana alialikwa kupokea cheti, kwa sababu katika lile somo aliongoza darasa. Akavaa vizuri, akakaa mstari wa pili. Mbele yake, kwenye meza ya wageni, pembeni ya chupa za chai, zilipangwa chupa sita za asali. Karatasi zilikuwa zimebanduliwa, gundi yake bado ilionekana.

Mgeni rasmi akajimiminia vijiko viwili kwenye kikombe, akakoroga, akanywa, akasimama kuhutubia. Akawaambia vijana waache kulialia kuhusu ajira, wajiajiri, fursa zimewazunguka.

Eliana akanyanyuka.

"Samahani, mgeni rasmi. Hiyo asali unayokunywa ni yangu. Imechukuliwa chumbani kwangu juzi."

Nyuma ya ukumbi mtu akapiga mluzi. Mwingine akapaza sauti, "Mlipeni dada asali!" Mhadhiri wake akamvuta mkono: "Kaa chini, unatuaibisha." Cheti hakikutolewa. Barua ya kusaini ikafika chumbani kabla ya jioni.

Alipotafutwa kwa simu, Raymond alijibu kwa ufupi. "Hosteli si gulio. Mali iliyokamatwa ipo mikononi mwa chuo." Alipoulizwa nani aliipeleka mezani, akasema waulizwe waandaaji, akakata simu. Mwandaaji mmoja alisema ile asali ilikuwa "mchango wa wanafunzi".

Mchango! Binti anayejilipia hata sabuni achangie chai ya watu waliokuja na magari yenye viyoyozi. Na mpaka leo hakuna aliyeona haya.

Itigi, ndoo imejaa nusu. Dorkas anamshauri mwanawe asaini. Ana mizinga kumi na minne na mtoto mmoja aliyefika chuo kikuu, na hataki kuona miaka mitatu ikipotea kwa wiki tano.

"Saini, mama. Karatasi haiumi. Ukimaliza utauza mpaka uchoke."

"Wakati huo wateja wangu watakuwa wananunua kwa nani? Na huyo wadeni keshokutwa atabeba ya nani?"

"Utalala wapi sasa?"

Tayari ameshapata pa kulala. Mama lishe aitwaye Yasinta, karibu na geti la chuo, ana stoo nyuma ya mgahawa wake, elfu ishirini kwa mwezi. Haina dari, na umeme wake una visirani, ila ina mlango wenye komeo na mtu wa kumwamkia shikamoo asubuhi. Atasomea humo na kwenda kwenye mitihani akitokea humo. Akimaliza, anataka kukusanya asali ya wanawake kumi na mmoja wa Itigi wanaorina kama mama yake, ambao leo wanaiuza kwa ndoo kwa bei anayotaja mchuuzi.

Dorkas anaongeza sega juu ya kitambaa.

"Na Jumatatu huyo wadeni utamwambiaje?"

"Nitamwamkia, nimpe funguo," anasema Eliana. "Chumba ni cha kwao, namwachia. Wateja ni wangu, naondoka nao."