Siku Dereva wa Meksiko Alipoacha Kazi

Haya ni ya aibu, na heri niyaseme mwenyewe kabla hamjayasikia kwa majirani zangu wa Likoni, maana wao huyatia chumvi.

Miaka ile ya tisini, televisheni mtaani kwetu ilikuwa moja, ya Bi Zuhura, na kila Jumapili baada ya alasiri tulijazana kwake kutazama mchezo wa Kimeksiko uliotiwa sauti za Kiingereza. Humo mlikuwa na kijana mmoja, mwigizaji mchanga bado, jina lake likiandikwa mwisho kabisa, kazi yake kuendesha gari la tajiri na kufungua mlango basi. Lakini uso, wallahi! Siku moja akasema maneno mawili matatu, Bi Zuhura akanigeukia: "Salma, wewe umekuwa dobi hotelini kwa wazungu. Asema nini?"

Ningesema sijui, yangeishia hapo. (Kiingereza changu kilikuwa cha mashuka na taulo.) Nikajibu, "Asema huyo tajiri ni babake, ila mzee hajui."

Mama weee! Tangu siku hiyo nikawa mkalimani, wenzangu mkekani mimi kitini, na kila kijana akifungua mlango mimi namtilia maneno, mara kalelewa na nyanyake, mara ana alama begani, mpaka Bi Zuhura akawa anamwombea dua kila akimaliza kuswali, nami kwa kiherehere changu nikatangaza kuwa Jumapili ijayo baba atamtambua mwanawe.

Jumapili hiyo wakaja hata wa Mtongwe, na sinia za kaimati. Akaja pia Rukia, mpwa wa Bi Zuhura, yuko likizo kutoka shule ya bweni. Tajiri akaingia, kijana akavua kofia, akasema. Nikainuka: "Asema, 'Baba, ni mimi!'"

Rukia akauliza, tena kwa adabu, "Bi Salma, mbona mimi nasikia asema anaacha kazi, mgongo wamuuma?"

Na kweli, kijana akaweka funguo mezani akaenda zake.

Bi Zuhura akanigeukia: "Na dua zangu zote, Salma?" Kicheko kilichofuata kilinitoa mbio, mguu mmoja champali yangu, wa pili ya mtu.

Siku tatu sikutoka nje. Ya nne Rukia akabisha hodi. "Shangazi akuita. Asema hadithi yako ilikuwa tamu kuliko ile, uje uimalize. Nami nitakufundisha Kiingereza, ukitaka."

Nilitaka, Mungu ajua nilivyotaka. Nilikwenda nikiangalia chini, nikaketi mkekani, tukaanza na herufi, umri wangu miaka thelathini na minane na wanangu wakinicheka. Kufika Ramadhani nilikuwa nasoma mwenyewe kibandiko cha dawa ya kikohozi, polepole, na neno nisilolijua naliuliza mbele za watu, silizulii baba.