Manyoya ya Bizari Chini ya Sweta

Kila asubuhi, kabla hajamgusa mbwa yeyote, mjomba wangu aliweka mkasi kwapani. Alisimama nao mlangoni kama mtu anayepimwa homa, akitazama wapita njia walivyojikunyata. "Chuma cha baridi kinamtisha mnyama," alisema. "Wewe ungependa kuguswa mgongo na barafu?"

Kazi yake ilikuwa kuosha na kunyoa mbwa, kwenye chumba cha nyuma cha duka la vyakula vya mifugo. Mtaani walimwita Kinyozi wa Wabwekao. Fundi viatu wa jirani hakuchoka kumtania: "Kinyozi, na mimi zamu yangu lini?" Mjomba anamjibu, "Siku ukiacha kuuma," wanacheka wote wawili. Mimi nilishaacha shule, na nyumbani baridi ilikuwa haikaliki, kwa hiyo mchana nilikuwa nashinda pale, karibu na hita.

Bizari alikuwa mbwa mzee wa mama mmoja tuliyemwita Mama Kofia, maana hatukuwahi kumwona kichwa wazi. Alikuwa wa rangi ya manjano, manyoya marefu. Mbwa wengine walipandishwa mezani kwa vita. Bizari aliweka miguu ya mbele mwenyewe, akasubiri ainuliwe matako. "Shikamoo, babu," mjomba alimwambia kila alipokuja.

Kipupwe kilipoanza, Mama Kofia alipita kuuliza afanyeje, mbwa wake anatetemeka. Mjomba alikuwa na mbwa mwingine mkononi, povu mpaka kwenye viwiko. Akajibu bila kugeuka, "Mfumie sweta, mama. Mvalishe." Basi. Hakuongeza neno.

Mama Kofia akafuma. Akamvalisha, akamwacha nalo usiku na mchana, wiki baada ya wiki. Kumleta hakumleta tena, maana nani anamwogesha mzee kwenye baridi ile?

Siku aliyomleta hatimaye, baridi bado haijaisha, harufu ilitangulia kuingia. Mjomba alivuta sweta, likagoma, ikabidi alitoe taratibu kama unavyobandua bandeji. Chini yake hapakuwa na manyoya tena, palikuwa na kitu kimoja kizito kama zulia kuukuu. Mama Kofia alikuwa amejaribu kuyalainisha nyumbani kwa maji ya moto. Lakini manyoya yaliyosokotana, ukiyalowesha kabla ya kuyachambua, ndiyo kwanza yanajikaza. Yalikuwa yanaivuta ngozi, na Bizari alitembea kwa hatua fupi kama amevaa viatu vya mtoto.

Mjomba akapenyeza kidole. Kilirudi kimelowa usaha. Akakifuta kwenye aproni.

"Mama, hapa ni kunyoa. Yote."

"Kunyoa? Baridi hii? Mzee kama huyu? Atanifia, baba."

"Utamweka karibu na moto. Ngozi imeanza kuoza huku chini."

"Mchane tu, polepole."

"Hayachaniki, mama."

Mama Kofia akamtazama, wala si kwa hasira. "La sweta ulisema wewe, mwanangu. Nikakusikiliza. Sasa unataka nimvue mpaka na manyoya yake?"

Mimi nilitaka mjomba amwambie kwamba sweta huvuliwa, kwamba hilo mtu hahitaji kuambiwa. Lakini yule mama hakujua, na aliyejua alikuwa amempa mgongo.

Mwenye duka alikuwa amesikia. Akachungulia na kikombe chake cha chai. "Mteja akisema achanwe, achanwe. Kwani mbwa wa shangazi yako?"

Mjomba akachukua chanuo. Alishika manyoya kwenye shina ili asivute, akaanza na ncha, kidogo kidogo. Bizari hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Alikuwa anageuza shingo na kumlamba mkono uleule uliokuwa unamuumiza. Chanuo lilipofika ubavuni, pande moja la manyoya likatoka na ngozi yake.

"Basi! Basi!" Mama Kofia akaivua kofia, akafunika uso nayo. Kichwa chake kilikuwa na mvi chache tu. "Mvalishe sweta lake twende. Baridi ikiisha nitamrudisha, utamnyoa utakavyo."

"Baridi ikiisha, mama... Niachie leo tu, nikalale naye kwangu. Nitamnyoa, nitamfunika."

"Hajawahi kulala nje ya kwangu, tangu utoto wake. Mvalishe wewe."

Mjomba alilishika lile sweta muda mrefu. Alipoinama nalo, Bizari akainua mguu mwenyewe, akauingiza kwenye mkono wa sweta, kisha akainua wa pili. Alikuwa ameshazoea.

Wakaondoka. Niliwasikia wakishuka ngazi, yule mama akimwambia mbwa wake, "Pole, pole, tumefika," na wala walikuwa hawajafika kokote.

Mjomba akainua ndoo ya maji ambayo hatukuyatumia. "Namwaga haya," akaniambia. Nilimwona dirishani akiyamwaga kwenye mtaro, akaigeuza ndoo chini juu, akavua aproni, akaikunja na kuiweka juu yake. Halafu akashika njia akiwa na shati tupu.

"Yuko wapi huyu?" mwenye duka akauliza. "Kuna mbwa wawili wanasubiri!"

Nikatungua koti la mjomba msumarini, nikamkimbilia. Nilimpata kwenye kona. Alilivaa huku anatembea. Nikamwambia anaitwa.

"Najua," akasema, na hakupunguza mwendo. Kwenye kile chumba hakurudi tena.