Maiti Isiyo na Tundu

Mwaka wa 1999, hapa Baraka, vita vilikuwa vimerahisisha kufa. Mtu alianguka, wakatafuta tundu la risasi, wakaliona, wakazika. Raphaël alipoanguka ufukweni mwa ziwa mchana kweupe, akivuta mtumbwi na wenzake, walimgeuza mara tatu. Hakuwa na tundu. Ndipo watu walipokasirika.

"Mutoto wa miaka kumi na tisa hawezi kufa bure!" alifoka Eugène, baba yake mdogo. "Asubuhi alikula kwa nani?"

Alikula bugali na ndagala, dagaa wa ziwani, kwa Godelieve, mama yake wa kambo. Muda si muda Eugène alikuwa na kamba mkononi, na vijana walibishana nyumba ya Godelieve ianze kuchomwa upande gani. Alphonse, baba wa marehemu, aliwasihi wamsubiri Anatole.

Anatole hakuwa daktari. Miaka ishirini na sita alimshikia visu daktari wa misheni aliyepasua maiti. Zamani zile mtu alijifunza kazi kwa kunyamaza na kutazama. Siku hizi ananunua cheti. Vita vilipomvusha daktari ziwa hadi Kigoma, Anatole alibaki na aproni na ufunguo wa chumba cha maiti. Alijaribu kuuza nyama ya mbuzi sokoni. Hakuna aliyenunua hata ini.

Alphonse akakubali mwanawe apasuliwe. Eugène akasimama shahidi, kamba begani.

"Angalia tumbo. Sumu iko mu tumbo."

"Nimeangalia. Iko bugali na ndagala. Kidonda hakuna."

"Angalia tena!"

"Ndugu yangu, bugali haigeuke sumu juu ya kukaziwa macho."

Kisha Anatole akaukata moyo, akauweka mwangani.

"Ona ukuta hii. Ya muntu muzima iko nene kama kidole kimoja. Hii ni vidole viwili na zaidi. Damu inakosa nafasi."

"Moyo ya ngombe!" Eugène akaruka. "Ule mama alimubadilishia!"

Anatole akaweka kisu chini.

"Ukuta kama hii haijengwe asubuhi moja. Inaomba miaka. Alphonse, Godelieve ulimuoa lini?"

"Mwezi wa pili," akajibu Alphonse. Wakati huo ilikuwa Septemba.

"Kuna sumu macho haione, siwezi kuwadanganya. Lakini moyo hii peke yake inatosha kuangusha kijana mwenye kuvuta mutumbwi. Na mara mingi inatembea mu famille, mu damu moja. Nani mwingine kwenu alianguka hivi?"

Alphonse alitazama sakafu.

"Kaka yetu Henri. Alianguka akicheza ngoma, siku ya ndoa yake. Bibi yake tulimufukuza na kitenge kimoja."

Taratibu mkono wa Eugène ukapanda kifuani mwake mwenyewe.

"Anatole… Henri na mi tulitoka tumbo moja."

Anatole akamwegemezea sikio kifuani, akasikiliza kwa muda.

"Sisikie kitu kibaya. Lakini sikio si mashine. Usikimbie. Mutumbwi, achia wengine."

Nje, Godelieve alikuwa amekaa kizingitini akisubiri kujua kama ana nyumba. Alphonse akamwambia ainuke, wakamzike mtoto. Eugène, aliyekuja mbio, akatoka hatua kwa hatua kama askofu kwenye maandamano.

Godelieve akamnyooshea mkono.

"Shemeji, leta iyo kamba nikubebee. Usianguke nayo njiani, kisha baseme ni miye."