Siku Mama Mdogo Alipokata Nywele

Nikipita karibu na saluni na kunusa kitana cha moto kikipita kichwani mwa mtu, ile harufu ya mafuta ya mgando na nywele zilizoungua kidogo kwa bahati mbaya, miguu yangu huanza kuchezacheza yenyewe. Sitanii. Mume wangu ananijua. Tukiwa barabarani hunishika mkono kabisa nisije nikatoroka.

Chanzo ni mama mdogo Leokadia, mdogo wake mama, na siku ile ya posa nyumbani kwetu Izia. Upepo wa Sumbawanga ulikuwa unapiga mabati tangu alfajiri kama umepandwa na wazimu. Nilikuwa darasa la pili, nimeogeshwa mapema na kuamriwa nikae nisichafuke, adhabu ambayo kwangu ilishinda viboko. Washenga walikuwa wanapanda mlima kutoka Muze, kuja kuposa kwa niaba ya kijana wao, muuza mchele ambaye mama mdogo alimpenda mpaka akawa anatia chumvi kwenye chai.

Asubuhi hiyo alijifungia jiko la nje na mkasi wake na kitana cha moto. Alipotoka, zile nywele alizozoea kusuka mtindo wa twende kilioni, zikamfika mgongoni (mimi nasema kiunoni, atakayebisha abishe), hazikuwepo. Alikuwa amezikata usawa wa masikio, akazinyoosha, zikamlalia kichwani kama kofia. Mwilini alikuwa na gauni jeusi la mtumba alilolinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa kutoka Mbeya: halina mikono, kiuno chake kimeshukia nyongani, na kuanzia hapo ni nyuzi tupu zinazoning'inia hadi magotini. Gauni lile halikujua kutulia. Mama mdogo akisimama, lenyewe linaendelea na safari.

Bibi akatokea na ungo wa maharage. Kwetu, mwanamke aliyekata nywele na kuvaa nyeusi amefiwa. Bibi hakuuliza amekufa nani. Alimwaga maharage, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe ambalo nadhani lilisikika hadi Kaoze, kule bondeni. Majirani nao hawakuuliza. Mara ua ukajaa akina mama wenye kanga viunoni, huyu na unga, yule na mzigo wa kuni, wote wakilia kwa bidii. Mama mdogo alizunguka akiwaeleza kwamba hakuna aliyekufa, nao wakazidi kumhurumia: masikini, bado hajaamini. Mimi nilimlilia babu, ambaye alikuwa amekaa pembeni yangu, naye akilia.

Washenga wakafika katikati ya kilio hicho. Posa haitajwi penye msiba. Walivua kofia, wakatoa pole kwa sauti ya chini, wakageuka. Na baba wa kijana, sote tulijua, alikuwa ameshaanza kutazama nyumba nyingine yenye binti. Wazee wale wakishuka mlima siku hiyo, ya mama mdogo yangekuwa yamekwisha.

Akakimbia. Nilikuwa nimezoea kuona wanawake wakiharakisha ndani ya vitenge kwa hatua fupifupi. Yule alikimbia kama swala, magoti nje, nyuzi zikiruka huku na huku, nami nyuma yake na kilio changu. Aliwapata kwenye njia ya Muze, akapiga magoti vumbini, akapiga makofi polepole kama tunavyowasalimia wakubwa.

"Shikamooni, baba zangu. Hakuna msiba. Ni nywele tu."

Mshenga mkubwa alimtazama kutoka kichwani hadi magotini. "Na hilo gauni, binti, limechanika?"

"Limeshonwa hivyo, baba."

"Hukuweza kusubiri uolewe kwanza, ndipo ukate?"

"Ningekuwa nimewadanganya. Mngeposa mwingine, halafu nikaja mimi."

Mzee aliitazama ile njia ndefu ya kushuka, upepo ukizichezea zile nyuzi. Kisha akawaambia wenzake warudi, maana ameshachoka na hajala. Posa ikaliwa kwa unga wa msiba.

Miaka mingi baadaye, mtu mzima na watoto wangu, nilikuwa kwenye masomo ya jioni mwalimu wa historia alipotuonyesha picha ya wasichana wa Ulaya na Marekani, wa miaka ile baada ya vita kuu ya kwanza. Walikata nywele usawa wa masikio, wakatupa nguo za kubana kiuno, wakapandisha sketi hadi magotini wapate kucheza dansi, na wazazi wao wakaona dunia ndiyo imefika mwisho. Nikanyoosha kidole: mwalimu, huyu wa kushoto ni mama yangu mdogo. Darasa lilicheka hadi madirisha yakatikisika.

Nilicheka nao, lakini sikuweza tena kutulia kitini. Utotoni niliamini kwamba mama mdogo alikuwa anamkimbilia mwanamume. Kumbe huyo angempata kwa urahisi tu: avae kitenge, afunge kitambaa kichwani, aachie ndoa ipite. Alimtaka sana, na bado aliwapelekea wazee wale kichwa chake kilivyo wakakitazame, wakatae wakitaka. Pale vumbini makofi yake yalikuwa hayatoki sawasawa. Mimi nilidhani anasikia baridi.