Siku Nilipomwita Kogo Rael Chombo

Wacha nikubali mapema, ndio mkicheka mcheke vizuri: mimi, mwalimu mzima wa kemia, nilimfanya nyanya wa watu asimame mlangoni kwake aite majirani waje waseme kama yeye ni mwongo, na wakati huo nilikuwa nimeshika kikombe cha chai yake.

Yote yalianza Chebet alipoamka bila sauti. Chebet ni rafiki yangu, tunafundisha chuo kimoja hapa Eldoret, yeye historia, na kwa muda mrefu amekuwa akiandika historia ya kijiji kimoja huko Kapseret. Alikuwa amembembeleza Kogo Rael (kogo ni nyanya, na huyu ndiye mkongwe kuliko wote pale) mpaka akakubali kumsimulia vile upepo uling'oa paa la kanisa lao la kwanza. Sasa siku yenyewe imefika, na Chebet anaweza tu kunong'ona. Ningesema pole nirudi zangu nyumbani Kimumu kufua nguo. Lakini mimi huyo: "Kwani kuuliza maswali ni kazi? Nitauliza mimi, wewe rekodi na simu."

Kogo alitupokea vizuri sana, akatumiminia chai, akasimulia. Upepo ulikuja wakati wa mavuno, ukabeba paa lote, ukalitupa kwa shamba la mahindi la marehemu mume wake, na watu wakaona hiyo ni ishara, kanisa likajengwa hapo hapo. Chebet alikuwa anatabasamu tu. Tungeshukuru twende. Lakini sisi watu wa maabara, ukipima kitu mara moja ni kama hujapima, lazima urudie, kwa hivyo nikafanya vile nafanya kila siku.

"Kogo, huo upepo ulikuja lini?"

"Wakati wa mavuno."

Nikanywa chai kidogo, nikamuuliza mambo ya watoto wake, halafu nikarudi: "Na upepo, ulisema ulikuja lini?"

Akaniangalia. "Mavuno."

Chebet akanikanyaga mguu (nikadhani anataka nafasi, nikasogea). Nikauliza mara ya tatu, tena kwa ujanja: "Una hakika haikuwa kabla ya mavuno?"

Kogo akaweka kikombe chini pole pole. "Kijana, nimekukaribisha kwa nyumba yangu. Unaona mimi ni mwongo?"

"Hapana Kogo! Ni vile kwa kazi yetu tunarudia kwa sababu huwezi kuamini chombo."

"Chombo?" Kogo akauliza. Chebet alikuwa tayari amefunika uso na leso. "Mimi ni chombo?"

Kogo akainuka, akaenda mlangoni, akaita. Akina mama wa kanisa walikuwa boma la jirani wakipukusua mahindi, wakaja na vumbi la mahindi kwa nguo, na mzee mmoja, Mzee Kiprono, akaja nyuma yao na fimbo. Kogo akawaambia huyu mgeni hakubali vile kanisa lilifika kwa shamba. Basi! Pande zile mtu mgeni akiuliza habari za shamba, watu hawafikirii historia.

"Nani amekutuma?" Mzee Kiprono akauliza. "Kuna mtu anataka shamba ya kanisa?"

 Ilibidi Chebet, yule hana sauti, apige magoti kando ya Kogo amnong'oneze sikioni, na Kogo ndiye akatangaza: "Anasema huyu ni mtu wa chupa na dawa. Hajazoea kuuliza watu." Watu wakacheka mpaka jasho likanishuka mgongoni.

Lakini Mzee Kiprono hakucheka. "Kogo, mbona unasema mavuno? Yale mahindi upepo uliangusha yalikuwa mabichi. Sisi watoto tuliyachoma tukala."

"Mavuno ya wimbi!" Kogo akasema (wimbi ni ule ulezi wa uji). "Nani alizungumza juu ya mahindi?"

Hapo kelele ikaanza, huyu anakumbuka wimbi, yule anakumbuka mama yake akilia juu ya yale mahindi, mwingine anasema ni wazee walitupa paa huko ndio waseme ni ishara, Kogo anamkemea, na Chebet ameinua simu juu kama mtu anatafuta mtandao, macho yanang'aa.

Tulipofika barabarani kungoja boda, Chebet akaninong'oneza: "Sisi wa historia hatumuulizi mtu mmoja mara tatu. Tunauliza wengi, halafu tunasikiliza mahali wanabishana." Nikamwambia basi nimemsaidia. Akasimamisha boda.

Jumapili iliyofuata nilirudi na sukari na majani chai nikaomba msamaha. Kogo alipokea, akasema amenisamehe. Nikauliza, "Kweli, Kogo?" na saa hiyo hiyo nikatamani kuumeza ulimi wangu.

Maabara bado narudia, asidi haikasiriki. Lakini kwa nyumba ya mtu nimeapa ni swali moja tu, na nisiposikia jibu, nitakaa hivyo hivyo bila kujua.