Jino la Balozi Werema

Jina lake kamili ni Werema mwana wa Magige, mwana wa Wanzagi, na ukimwita Werema tupu alikuwa haitiki. Wanzagi ndiye yule aliyechomolewa mshale pajani huku anasimulia hadithi, na hadithi haikukatika. Magige ndiye aliyemfuata chui aliyekwapua mbuzi, akaingia naye pangoni, akatoka na mbuzi. Kuhusu chui hakusema neno, na watu waliona adabu ni kutouliza. Na Werema mwenyewe, siku yeye na rika lake walipoingia jandoni, nyuki alimtua kwenye kope wakati ngariba amekwisha kushika kisu. Nyuki akatembea, akachungulia, akachoka, akaenda zake. Kope haikutikisika.

Kwa kope hiyo Werema aliishi vizuri. Alimpata Mbuke, ambaye wanaume wengine walimpigania kwa ng'ombe wengi zaidi. Alilima pamba, akaisindikiza mwenyewe mpaka Bunda. Uhuru ulipokuja yeye ndiye aliyepewa kamba ya bendera aivute, na watu walipohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Butiama ukielekea Bunda, wakamchagua balozi wa nyumba kumi. Mtu aliyeshindana na nyuki, walisema, nyumba kumi zitamfanya nini?

Kilichomshinda kilikuwa jino.

Lilikuwa gego la chini, upande wa kulia, na lilianza kwa unyenyekevu, kama mgeni anayeomba maji tu. Likaja likaomba kukaa. Kufika msimu wa kupalilia lilikuwa mwenye nyumba. Werema alitafuna ugali wa mtama upande wa kushoto, akanywa uji ukiwa umepoa, akajaza tumbaku kwenye tundu, akasukutua maji ya chumvi, akang'ata karafuu aliyoagiza Musoma. Mbuke alimwangalia akitafuna upande mmoja kama ng'ombe.

"Baba Nyangi, nenda hospitali Musoma waling'oe."

"Kwani nani amekwambia naumwa?"

"Shavu lako. Limekaa kama umeficha yai."

Msidhani aliogopa maumivu. Mtu wa ukoo ule maumivu anayakaribisha kiti. Alichoogopa ni sauti. Kila ulimi ulipolipitia lile gego, kitu kilimpanda kutoka tumboni, kikafika kooni, kikabisha hodi. Werema alikimeza. Lakini alijua siku mtu mwingine akiligusa, kitatoka bila kumwomba ruhusa.

Na sauti kwa watu wale si jambo dogo. Kijana akikaa mbele ya kisu, ukoo na rika lake humzunguka wakiimba, na macho yote huwa usoni pake. Akipepesa, basi. Wimbo wake hutungwa siku hiyohiyo, na wimbo hauzeeki. Stanislausi, wa rika lao, alikunja uso kidogo tu, kama mtu aliyeonja ndimu. Sasa ana wajukuu, lakini harusini bado wanaimba ndimu ya Stanislausi, naye hukaa pembeni na kibuyu chake akijifanya hajui wanamwimba nani. Mtunzi wa wimbo ule ni Boniphace Shida, rika moja na wao, mwenye sauti ya kumsimamisha fahali na roho isiyomsamehe mtu. Werema aliwahi kuuimba mwenyewe, tena kwa raha. Ndiyo maana alijua ungekuwa mkali kiasi gani.

Basi katika hali hiyo ndipo Landrova ya serikali ikaingia kijijini, vumbi mbele, kuku kila upande. Wakashuka mwalimu mmoja, Ndugu Clementi, na wanafunzi wake wawili wa afya ya meno: Danford, mrefu, kazaliwa mbali upande wa Morogoro, na Marieta, binti wa Musoma mjini ambaye baba yake bado alikuwa na ng'ombe huku shamba.

Clementi aliongea na kamati ya kijiji kwa upole. "Hawa chuoni wamefundishwa mdomo. Mdomo wanaujua. Nimewaleta wajifunze watu wenye midomo. Watapita majumbani, watauliza mnakula nini, mnasafishaje meno, kisha watafundisha. Na kesho mwenye jino bovu tutalitoa, kwa ganzi, ndani ya ghala la pamba. Balozi Werema, wewe utatusaidia kukusanya wagonjwa."

"Watakuja," alisema Werema, akiwa amegeuza shavu upande wa ukutani.

Siku ile wanafunzi walipita nyumba kwa nyumba. Nyumbani kwa Werema Danford alimwomba acheke. Werema akaonyesha meno ya mbele tu, tena kwa kipimo.

"Shikamoo tena, mzee. Haya mawili ya juu yalivunjika lini?"

Marieta akang'ata mdomo asicheke.

"Hayakuvunjika, kijana. Yalichongwa. Enzi zetu msichana hakumwangalia mwanamume mwenye meno ya punda kama hayo yako."

"Ni kweli," akasema Mbuke kutoka jikoni. "Mimi nilikuwaga siwaangalii."

Danford akayafunika meno yake. Marieta akasogea. "Na ya nyuma, baba mkubwa? Tuone kidogo."

"Ya nyuma yamelala."

"Baba mkubwa, mbona shavu..."

"Mmekunywa chai?" akauliza Werema, akasimama. Mbuke akaleta chai, na Marieta akamwona balozi akijitilia sukari, kijiko juu ya kijiko, mpaka kijiko kikasimama chenyewe. Sukari miaka ile ilikuwa ya kutafutwa. Duka la ujamaa lilipoletewa, kamati, balozi akiwamo, ilibakiza kidogo kwa ajili ya ugeni, na wageni walikuwa hawaji mara kwa mara.

Wakati huohuo Boniphace Shida alikuwa kijiweni anawaeleza watu alichoelewa. Na alichoelewa ni hiki: mtu anakalishwa kitini, anafunguliwa, kinakuja chuma, inatoka damu, na mwisho anainuka akiwa pungufu.

"Sasa hiyo mnaiitaje?" akauliza.

Watu wakatazamana. Jina lilikuwa moja tu.

"Na jambo hilo," akasema Boniphace, "tangu lini likafanyika ndani ya ghala, kwa siri, kama wizi?"

Asubuhi Clementi na wanafunzi wake walikuta kiti kimetolewa nje, katikati ya uwanja. Kimezungukwa na kijiji kizima. Akina mama wamejifunga vitambaa vya kichwa vya sikukuu, wazee wameshika mikia ya ng'ombe, vijana wamevaa njuga, na Boniphace yuko mbele anakohoa kulainisha koo. Marieta alishusha sanduku la vifaa polepole. Yeye alikuwa amekwisha kuelewa.

"Mwamko mkubwa sana!" akasema Danford, amefurahi. "Wagonjwa wako wapi?"

"Wapo," akajibu mzee mmoja.

"Mbona hawaji kitini?"

"Wanasubiri kuona nani ataanza."

Hakuanza mtu. Jua likapanda. Wenye mashavu yaliyovimba walisimama nyuma ya wenye mashavu mazima, wakipiga makofi kwa bidii kuliko wote. Clementi akaomba watu watawanyike, wakamjibu kwa wimbo. Akaomba kiti kirudi ndani, wakasema kiti ni mali ya kijiji. Mwisho akamgeukia Werema. "Balozi, bila mgonjwa mmoja hawa vijana wanarudi Musoma hawakufanya kitu, na kesho kutwa wanatakiwa Manyamanyama, kule Bunda."

Boniphace ana masikio. "Balozi aanze!" akapaza. "Mwana wa Magige! Mjukuu wa Wanzagi! Kope ya chuma!"

Uwanja ukaitikia. Werema akamtafuta Mbuke kwa macho. Mbuke alikuwa anaangalia mawingu.

Akaenda akakaa. Angefanya nini? Wakaimba wimbo wa ukoo wake, ule wa mshale, ule wa chui, na ule wa nyuki, na kila ubeti ulimwongezea mzigo. Danford akatoa sindano ya ganzi.

"Hiyo ya nini?" akauliza Boniphace.

"Ya kumfanya asisikie."

Kisha minong'ono ikapita uwanjani kama upepo kwenye mtama. Mwanamume anadungwa dawa asisikie? Basi kuna haja gani ya kukaa? Si hata Stanislausi angeshinda? Stanislausi mwenyewe, huko pembeni, akainuka kusikiliza vizuri.

"Ondoa," akasema Werema.

"Mzee, bila ganzi hatung'oi. Ni marufuku."

"Kijana, ondoa hicho kitu, watu wanaangalia."

Danford akamwangalia mwalimu wake. Clementi akamwangalia Marieta. Marieta akainama sikioni kwa Werema. "Baba mkubwa, basi tuangalie tu. Fungua, tuone liko wapi. Kuangalia hakuna ganzi."

Hilo lilimpendeza Werema. Kuangaliwa, nani amewahi kulia kwa kuangaliwa? Akakaza shingo, akatoa macho, akafungua kinywa. Boniphace akainua mkono, wimbo ukapanda, njuga zikalia. Marieta akaingiza kioo kidogo chenye mpini, kisha kichuma chembamba chenye ncha iliyopinda, akakigusisha kwenye gego. Kukigusisha tu, kama mtu anayepima uji kwa kidole.

Ile sauti ikatoka.

Haikuwa sauti ya balozi. Ilianza juu kama filimbi, ikashuka kama fahali, ikapanda tena, ikakaa huko. Mbwa walikimbia. Ng'ombe waliokuwa wamepangwa kuingia joshoni waligeuka wote, mchungaji wao akabaki peke yake na fimbo. Mama mmoja akadondosha kibuyu. Danford, ambaye hakuwa ameshika chochote, aliinua mikono yote miwili kuonyesha kwamba si yeye.

Ilipoisha, yakasikika mafundo ya pumzi ya Werema.

Kope hazikutikisika, hilo lazima lisemwe. Lakini machozi yalipita katikati yake bila kuzisumbua. Werema alikaa kitini akitazama mbele, akiona maisha yake yote yaliyobaki: harusi za wajukuu, ngoma za mavuno, na yeye pembeni na Stanislausi wakigawana kibuyu. Alimwona Boniphace akijaza kifua hewa. Wimbo ulikuwa tayari. Alijua hata mahali utakapoanzia.

Boniphace akatoa mstari wa kwanza, mtamu na wa kuchoma, akaacha nafasi waitikie.

Hakuitikia mtu.

Katikati ya uwanja alikuwa anakatiza bibi Wankyo, mkongwe kuliko wote kijijini, anakokota fimbo yake kuelekea kitini. "Kumbe kulia kunaruhusiwa?" akauliza kwa sauti. "Na mmenyamaza tu? Mimi jino langu linacheza tangu Mjerumani. Nishikieni fimbo."

"Bibi, balozi hajamaliza..."

"Balozi amelia. Amekwisha kufungua njia. Sasa nani atamcheka kikongwe?"

Nyuma yake akaja mwenyekiti wa kijiji, ameshika shavu. Nyuma ya mwenyekiti, katibu. Kisha mwenye duka na mkewe. Boniphace akarudia mstari wake wa kwanza, lakini wengi wa waitikiaji wake walikuwa kwenye foleni wamefungua vinywa, na mtu aliyefungua kinywa kwa ajili ya daktari hawezi kuitikia wimbo. Stanislausi peke yake ndiye aliyeitikia, akaitikia vibaya kwa sababu ya kicheko.

Kiti kikarudishwa ndani ya ghala, mlango ukasindikwa. Werema akadungwa ganzi yake. Gego likatoka, na wakati linatoka Werema alikaa kama jiwe la mto: hakuguna, hakukunja uso, hakuhema. Huo ndio ulikuwa ushujaa mkubwa kuliko ule wa nyuki, na hapakuwa na mtu wa kuuona isipokuwa Danford, ambaye alikuwa anaangalia mizizi.

Wanafunzi wakafanya kazi mpaka jua likaegemea. Waliojaa matundu hawakuwa wazee wa mtama na mswaki wa mti. Wale meno yao yalikuwa ya kuvunjia mifupa. Matundu yalikuwa ya mwenyekiti, ya katibu, ya mwenye duka na ya mkewe. Marieta alianza kueleza habari ya sukari na meno, taratibu, kwa heshima, asimtaje mtu. Bibi Wankyo, pamba mdomoni, akamtajia.

"Sukari ya duka la ujamaa tumeitafuta mwaka mzima," akasema. "Kumbe imezikwa midomoni mwa kamati!"

Kicheko kikatoka nje ya ghala kikaenda mpaka barabarani. Werema alitaka kueleza habari ya ugeni, lakini upande mmoja wa mdomo ulikuwa umekufa ganzi, na maneno yalitoka yakiwa mate. Mbuke akampangusa kidevu. "Nyamaza, Baba Nyangi. Leo umeshasema vya kutosha."

Wa mwisho kuingia alikuwa Boniphace. Aliangalia nyuma kwanza. Marieta akakuta magego mawili mabovu, maana mwimbaji hakosi kualikwa kila mkutano wenye chai. Likatolewa moja, lile lililokuwa na usaha.

Ganzi ilipopungua, Werema akaketi na Clementi na wanafunzi wake kwenye magunia ya pamba.

"Danford," akauliza Clementi, "umejifunza nini?"

"Kwamba kiti kisitolewe nje, mwalimu."

"Marieta?"

"Kwamba walikuwa wanaumwa wote, tangu asubuhi. Walikosa wa kwanza kulia."

Werema akatikisa kichwa kukubali. "Na huko Manyamanyama itakuwa hivihivi," akasema. "Wale nawajua, nimewauzia pamba. Watatoa kiti nje, watavaa njuga, na mtakaa mpaka giza. Mimi siwezi kwenda, sina tena jino la kulilia." Akageuka. "Boniphace!"

"Naam, balozi."

"Kesho kutwa unapanda Landrova na hawa watoto. Wakishaweka kiti, unakaa wewe wa kwanza."

"Kwani huku hawajaning'oa?"

"Moja. Hilo la pili Marieta ameliacha kwa amri yangu. Hilo ni la Bunda."

Boniphace akashika shavu. "Sawa, nitakaa. Nitawaonyesha watu wa Bunda mwanamume anavyokaa kimya."

"Kimya nini, wewe? Ukikaa kimya umetuharibia. Utakaa, binti atagusa, na utalia."

"Nilie? Mbele ya watu wa Bunda?"

"Kwa nguvu zote. Lia mpaka wasikie Nyasura. Serikali haiwezi kuleta gari na dawa, halafu kazi ikwame kwa kukosa mtu wa kupiga kelele, na sauti tunayo."