Vidonge Kumi na Vinne

Kabla ofisi ya ustawi wa jamii haijaniajiri, nilikuwa nauza mitumba kwenye barabara ya Umbilo, na nadhani ndiyo sababu walinichukua. Cheti sikuwa nacho. Nilikuwa na Kiswahili, Kirundi, Kifaransa cha kuombea samahani na Kizulu cha kugombea bei. Kazi yangu ilikuwa kuwasindikiza kliniki wanawake wahamiaji waliokuwa wakiishi na virusi, kuwatafsiria kwa nesi, na kila baada ya wiki mbili kwenda vyumbani mwao kuhesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo. Nilihesabu mara mbili, mara ya pili nikianzia upande mwingine, kama unavyohesabu mashati ya mtu usiyemwamini.

Huyu ninayemkumbuka alikuwa Mkongo, msusi. Alinizidi miaka michache, kwa hiyo nilimwita dada. Aliishi Point, mtaa wa karibu na bandari, chumba kimoja familia tatu, katikati mapazia. Kopo alilificha ndani ya mfuko wa nywele bandia, maana nje ya pazia lake hakuna aliyejua. Kidonge kimoja kwa siku, na kwake hesabu haikupungua wala kuzidi hata mara moja.

"Dada, weye ni mashine," nilimwambia.

"Na weye ni polisi. Maliza basi, wateja wananingoja. Na hiyo pua itoe kwenye nywele zangu, ziko bei."

Kila mwisho wa mwezi alimtumia mdogo wake kitenge, kule kwao milimani juu ya ziwa. Mdogo wake naye alikuwa na ugonjwa huohuo. Hilo aliniambia mapema. Kitenge kilikwenda kwa mkono wa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akimtoza kama vile anasafirisha friji. Siku moja nikafuatana na dada hadi kwake.

"Kitenge kimoja, papa!" nilimwambia yule bwana. "Unakikatia tiketi yake chenyewe, kikae dirishani?"

Akacheka, akapunguza. Nilirudi nyumbani nimejaa sifa zangu.

Baadaye dada akaanza kukonda. Vipimo vya damu vikarudi vibaya, na nesi akaniita pembeni.

"Hau, mama, huyu hanywi dawa."

"Anakunywa. Nimehesabu mwenyewe."

"Umehesabu zilizobaki," alisema nesi. "Zilizotoka, ulizifuata zinakokwenda?"

Nilitembea kutoka kliniki hadi Point bila kupanda taxi. Nilimkuta nyuma ya pazia, amepakata kitenge, anashona pindo. Pindo lilikuwa nene, limejaa vidonge. Alinitazama, akaendelea kushona.

"Kule kituoni kwa mdogo wangu dawa inakatika katikati ya mwezi," alisema. "Kumi na nne zake, kumi na nne zangu. Miye ninakunywa leo, kesho ninaacha."

"Dada, ugonjwa hauna kesho ya kupumzika. Utakufa."

"Yeye iko na watoto wane. Miye sina hata mmoja. Piga hiyo hesabu, weye unayejua hesabu."

Nikamwekea mezani kila nilichokuwa nacho. Ofisi itaandika barua kwa kituo kingine cha kule. Nitawasumbua kila asubuhi mpaka wajibu. Anipe wiki mbili tu bila kutuma.

"Hizo wiki mbili mdogo wangu utamlisha nini? Barua?"

Nimewashusha bei watu wagumu maisha yangu yote. Yeye hakupanda wala kushuka. Kitenge kile kilikwenda; nilichopata ni ahadi kwamba baada yake atakunywa kila siku mbele yangu, na alikunywa, nikimtazama koo. Ila kifua chake kilikuwa kimeshaingiwa na TB. Barua ilijibiwa, mdogo wake akapata kituo cha kudumu, kopo zima kila mwezi. Jibu lilifika wiki ileile dada alipolazwa. Nilimsomea kitandani. Akasema, "Isome tena," nikaisoma tena. Alifariki siku ya nne.

Mtu wa kupiga simu kule nikawa mimi. Mdogo wake alilia mpaka nikadhani laini imekatika. Halafu sauti ikarudi, ndogo sana.

"Mama, naomba nikuulize. Alikuwa akinitumia dawa. Nilimwambia, dada, na zako? Akasema huko kwenu wanawapa kopo mbili mbili, zingine zinabaki tu, wanazitupa. Ni kweli?"

Eish. Nilishika simu kwa mikono miwili. Ukutani mwa ofisi kulikuwa na bango linalosema wagonjwa wana haki ya kuambiwa ukweli; mimi ndiye niliyelitafsiri.

"Ni kweli, mdogo wangu," nikasema. "Huku wanatoa kopo mbili."

"Mungu asifiwe," akasema, kisha akaendelea kulia.